Saa ya papa, mafuta ya pomboo na sekunde tano za kila siku



Wiki iliyopita katika grupu yetu mkubwa mmoja alileta malalamiko. Alinunua saa ya Uswisi, ya resori, isiyo na betri, kwa bei ambayo wengine wetu tungejengea nyumba ya vyumba viwili. Kisha akaona kila siku inaachana na telefone yake kwa sekunde tano. Akauliza: je, walimuibia? Vijana wakacheka. Mmoja akaandika kwamba montre yake ya kununua barabarani, ya franga kidogo tu, haijakosea ata dakika tangu Mwaka Mpya. Mimi nikaahidi kwamba nitajibu kwa maandishi, juu jibu haliwezi kuingia katika message mbili, na juu mimi mwenyewe niko na deni la zamani na saa za aina hiyo. Nianze na deni.

Mwaka 1996, mwezi wa sita, nilikuwa ninafanya Exetat hapa Lubumbashi. Papa alikuwa na saa ya Uswisi aliyoinunua mwaka 1974 kwa mshahara wa miezi mine, wakati mshahara ulikuwa bado mshahara. Ile saa ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Tulikula kwayo, tulilala kwayo. Siku ya pili ya mtihani papa aliniamusha, akaangalia saa, akasema tuko na wakati wa kunywa chai. Tukakunywa. Tukafika kwenye kituo cha mtihani, mlango umefungwa. Saa ya papa ilikuwa nyuma kwa dakika 17. Nilisimama inje, nikaangalia wenzangu kwa dirisha wakiandika, na ule mwaka ukapotea. Papa hakusema neno. Alivua saa, akaiweka katika droo, na kwa miaka 15 sikumuona tena akivaa saa yoyote.

Mimi nilifikiri saa ilituongopea. Ilinikamata miaka mingi kujua kilichotokea ndani yake usiku ule, na njia ya kukijua ilinipitisha katika historia ambayo ninapenda kuwapa leo.

Kwanza hesabu. Siku moja iko na sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde tano kwa siku imekosea sehemu moja kati ya 17,280. Tafuta fundi seremala, fundi mwashi, ao ata mhasibu anayekosea mara moja tu katika kazi 17,280, ukimpata, usimwachilie. Na kazi yenyewe ni ya chuma. Ndani ya saa kuna resori kubwa iliyokunjwa. Wewe unaitia ufunguo, yenyewe inataka kujifungua. Ikiachiwa hivi hivi itajifungua kwa mara moja, trrrr, basi. Kwa hiyo kuna uma mdogo wenye mawe mawili unaoikamata na kuiachilia, unaikamata na kuiachilia, na mwenye kuamuru ule uma ni gurudumu dogo la mizani linalozunguka kwenda na kurudi, likirudishwa na resori nyingine nyembamba kama unywele. Ile tik-tik unayosikia ni uma. Saa nyingi za leo zinapiga mara nane kwa sekunde moja, ni kusema mara 691,200 kwa siku, zaidi ya milioni 250 kwa mwaka. Hakuna pikipiki inayofanya kazi hivyo bila kupelekwa garage.

Mwanzoni saa za kubeba hazikuwa na aibu ya kukosea. Zile za karne ya 16 zilikuwa na mshale mmoja tu, wa masaa, juu mshale wa dakika ungekuwa uongo mtupu. Mholanzi Christiaan Huygens njo aliyeleta resori ya unywele katika saa, mwaka 1675, na tangu hapo makosa yakashuka mpaka dakika chache kwa siku. Watu wakaona sasa inafaa kuweka mshale wa dakika.

Lakini nani alihitaji sekunde? Baharia. Hapa ninaomba mukae kidogo, juu ni hapa saa iliacha kuwa mapambo.

Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, basi digrii moja kwa dakika nne. Ukiwa katikati ya bahari na unajua ni saa ngapi kwenu na ni saa ngapi hapo ulipo kwa jua, tofauti ya hayo masaa mawili inakuambia umekwenda mbali gani mashariki ao magharibi. Saa ikikosea dakika moja, pale karibu na mstari wa ikweta, wewe umekosea kilometa karibu 28. Hiyo inatosha kupiga meli kwenye mawe usiku. Mwaka 1707 meli za kivita za Waingereza zilipiga mawe ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya elfu moja wakafa, pamoja na amirali wao. Miaka saba nyuma ya pale, mwaka 1714, Bunge la Uingereza likaweka zawadi ya paundi 20,000 kwa mtu atakayepata njia ya kujua hiyo fasi ya meli kwa kosa lisilozidi nusu ya digrii.

Aliyeipata hakuwa profesa. John Harrison alikuwa seremala aliyejifundisha mwenyewe saa. Alitengeneza mashine tatu kubwa, akazeeka nazo, kisha akageuka akatengeneza saa ya mfuko, kubwa kama sahani ndogo, sentimeta 13, akaimaliza mwaka 1759. Mwana wake William akaipeleka Jamaika mwaka 1761. Nyuma ya siku 81 ilionekana kuwa nyuma kwa sekunde tano hivi, ni kama maili moja ya bahari.

Lakini angalieni vizuri, juu mkubwa wetu atapata sehemu ya jibu lake hapa. Ile saa ya Harrison haikuwa inaenda sawa na jua la Uingereza. Ilijulikana kwamba inachelewa sekunde mbili na theluthi mbili kila siku. Hizo waliziondoa kwenye hesabu, na zile tano ni zilizobakia. Ubora wake haukuwa kutokosea. Ubora wake ulikuwa kukosea kwa namna ile ile leo, kesho na kesho kutwa, baharini, katika joto na katika baridi. Mtu anayechelewa dakika kumi kila siku unaweza kupanga naye kazi. Anayechelewa leo dakika mbili, kesho lisaa, kesho kutwa akafika mbele yako, huyo njo hatari. Watu wa saa ulaya wanatofautisha mambo haya mawili mpaka leo, na mnunuzi mara nyingi anaangalia la kwanza tu.

Harrison hakulipwa upesi. Wakubwa wa tume walitaka jaribio lingine, kisha lingine, kisha wakataka aikabidhi na aieleze. Pesa ya mwisho aliipata mwaka 1773, akiwa na miaka 80, nyuma ya mfalme mwenyewe kuingilia. Sisi tuliokwisha kungoja décompte final tunamwelewa.

Nyuma ya bahari ni reli. Mwezi wa Aprili 1891, kule Kipton, katika jimbo la Ohio, Marekani, treni mbili zilikutana uso kwa uso katika kituo kidogo. Moja ilikuwa ya barua, inakuja mbio. Nyingine ilipashwa kuingia pembeni na kuiachilia njia. Watu wasiopungua nane wakafa, na wengi wao walikuwa makarani wa posta waliokuwa wanapanga barua ndani ya behewa. Uchunguzi ukaonesha kwamba saa ya dereva wa ile treni ya pili ilikuwa imesimama dakika nne, kisha ikaendelea tena yenyewe kama hakuna kitu. Dereva aliangalia saa, akaona iko inatembea, akaiamini.

Someni tena hiyo sentensi. Ilisimama, ikaendelea. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu.

Kampuni za reli zikamuita mfanyabiashara wa saa wa mji wa Cleveland, Webb Ball. Akaleta sheria: saa ya mtu wa treni isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa juma, ipimwe ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kwa jumla katika namna tano, namba ziwe nyeusi juu ya uso mweupe, na kila juma mbili mwenyewe aipeleke kwa mkaguzi, aandikiwe katika kadi. Mimi ninaona ile kadi kuwa kitu kikubwa kuliko magurudumu yote. Mbele ya pale, watu walifikiri saa nzuri ni ile uliyoinunua kwa bei kali. Ball akawaambia saa nzuri ni ile iliyoangaliwa juma lililopita.

Joto nalo lilikuwa adui. Chuma cha kawaida kikipata joto kinalegea. Saa yenye resori ya unywele ya namna hiyo inapoteza zaidi ya sekunde kumi kwa siku kwa kila digrii moja inayopanda. Aliyemaliza ugomvi huu ni Charles Édouard Guillaume, mtoto wa familia ya mafundi wa saa kutoka Fleurier, Uswisi. Alichanganya chuma na nikeli kwa vipimo fulani, akapata mwaka 1896 aina ambayo karibu haitanuki kwa joto, kisha akapata nyingine ambayo nguvu yake ya kurudi haibadiliki. Mwaka 1920 wakampa Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Nobel juu ya resori, ndugu zangu! Na tukiwa bado katika madini, acheni nitie neno moja la kwetu: zile resori kubwa zisizovunjika ambazo watengenezaji wa saa walianza kutumia katika miaka ya 1940 na 1950 zimetengenezwa kwa mchanganyiko ambamo kobalti ni kama asilimia 40 na zaidi, na miaka ile Katanga njo ilikuwa inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Tulikuwa ndani ya zile saa mbele ya kuzivaa.

Sasa mafuta. Hapa njo kuna siri yote ya ile kitu mafundi wanaita kuosha saa.

Magurudumu ya saa yanazunguka juu ya ncha nyembamba sana, na ili zisile shimo lao, tangu mwaka 1704 watu walianza kuzikalisha ndani ya mawe ya rubi yaliyotobolewa. Patenti ilichukuliwa London na Nicolas Fatio wa Geneva pamoja na ndugu wawili Wafaransa. Zamani ilikuwa rubi ya kweli. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil aonyeshe mwaka 1902 namna ya kuipika kwa moto, ni rubi ya kiwandani, haina bei. Kwa hiyo mtu akikuambia saa yake iko na mawe 21 ya thamani, mpe pole tu. Lakini jiwe peke yake halitoshi. Kati ya jiwe na ncha kunahitajika tone la mafuta, dogo kuliko kichwa cha pini, na lile tone linapashwa kubakia pale pale miaka mingi, bila kukimbia, bila kukauka, bila kuganda.

Kwa muda mrefu hakuna mafuta yaliyoweza. Ya mizeituni yanakuwa gundi. Ya miguu ya ng'ombe ni afadhali kidogo. Katika karne ya 19 mafuta bora yalitoka katika taya la pomboo na kichwa cha ndugu zake wa bahari. Mji wa New Bedford, Marekani, uliuza hayo mafuta duniani kote katika vichupa vidogo. Hayakuganda upesi kwa baridi. Samahani kwa wapenda wanyama: dakika za wababu wa wazungu zilitembea juu ya taya za pomboo. Mafuta ya maabara yalikuja kuyaondoa katikati ya karne ya 20, na haya njo yanafanya leo kampuni ziseme saa ioshwe kila miaka mitano mpaka kumi. Wengine walijaribu kuyapunguza kabisa: Mwingereza George Daniels katika miaka ya 1970 alibuni uma wa namna nyingine usiosugua sana, na Omega ikauingiza katika saa zake mwaka 1999, wengine tangu mwaka 2001 wakaleta sehemu za silikoni. Mafuta yamepungua. Hayajaisha.

Mwaka 2011 nilitoa saa ya papa katika droo nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, anayekaa chini ya baraza hapa mjini na kisanduku cha kioo. Akaifungua, akavaa lensi yake, akanyamaza mda mrefu.

"Mwanangu, hii montre muliioshesha lini?"

Nikasema: "Papa fundi, haijaoshwa. Tangu 1974."

"Njo vile. Mafuta ilikauka, ikakuwa kama gundi. Inapoteza muda lini, muchana ao usiku?"

Nikamueleza habari ya mtihani. Akacheka kidogo, si kwa kunizarau. Akauliza ilikuwa mwezi gani, nikasema wa sita. Akaniuliza papa alilala nayo ao aliiweka fasi gani. Juu ya meza, nikajibu, karibu na dirisha. Basi akanieleza: mwezi wa sita hapa kwetu ni baridi kali usiku. Mafuta ya zamani, mazito tayari, yalizidi kuwa mazito kwa baridi. Gurudumu la mizani likachoka, saa ikasimama. Asubui papa akaishika kwa mkono, joto la mkono na kule kutikiswa vikaiamusha, ikaendelea. Papa akaangalia, akaona iko inatembea, akaiamini.

"Saa haikukosa. Ninyi njo mulikosa, miaka 22 bila kuipa mafuta. Ata mutu akifanyishwa hivi atalala ku kazi."

Nilikuwa na umri wa mtu mzima, baba wa watoto, na bado nililia pale barabarani. Si juu ya mwaka uliopotea. Juu papa alikuwa ameishi miaka yote hiyo akifikiri kwamba yeye aliangalia vibaya, ao kwamba alidanganywa pale alipoinunua, na hakuna aliyemwambia neno rahisi kama hili.

Turudi ulaya tumalize historia. Karibu miaka mia moja, saa bora zilipelekwa kwenye vituo vya kuangalia nyota, hasa Neuchâtel na Geneva, kushindana. Siku 45 za kupimwa, namna tano za kulala na kusimama, joto na baridi. Mafundi wa kurekebisha waliotayarisha hizo saa walijulikana kama wachezaji wa mpira. Mwaka 1964 Wajapani wa Seiko wakaja Neuchâtel mara ya kwanza, saa yao ya juu ikapata nafasi ya 144. Kuna waliocheka. Mwaka 1967 Seiko walikuwa wa pili na wa tatu kati ya makampuni. Mwaka 1968 kule Geneva, nafasi tatu za kwanza zilichukuliwa na saa za majaribio za umeme za Waswisi wenyewe. Kuanzia ya nne mpaka ya kumi, ni Seiko, za resori. Neuchâtel yenyewe iliacha mashindano bila kutoa matokeo ya mwaka ule. Sitasema zaidi, lakini sisi tuliosoma katika nchi hii tunajua maana ya matokeo yasiyobandikwa.

Zile saa za umeme zilizochukua nafasi za kwanza ni za kwatsi. Kipande cha jiwe la kwatsi kikipewa umeme kinatetemeka kwa hesabu moja; katika montre ya leo ni mara 32,768 kwa sekunde. Waswisi waliifanya katika maabara ya Neuchâtel, lakini aliyeiuza mbele ya wote ni Seiko, siku ya Noeli ya mwaka 1969, Tokyo. Bei yen 450,000, karibu sawa na gari dogo, na makosa yake yalikuwa sekunde tano kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa siku. Miaka kumi tu, bei ikashuka mpaka chini. Viwanda vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970 vilibakia na karibu 30,000 katika miaka ya 1980. Vijiji vizima vya milimani vilikosa kazi. Ata chini ya baraza zetu, fundi wa saa akawa mtu wa kubadilisha betri.

Kwa hiyo yule kijana mwenye montre ya barabarani ana haki. Kwa kusoma saa tu, yake inashinda ya mkubwa, na telefone inawashinda wote wawili, kwa sababu telefone haihesabu peke yake: inaulizia mtandao, na mtandao unaulizia saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imewekwa kwa mitetemo ya atomu ya seziamu, mara 9,192,631,770. Hakuna gurudumu litakalofika pale.

Saa ya resori ilirudi, lakini ilirudi kama kitu cha heshima na cha bei. Na kwa sababu inauzwa kwa jina la usahihi, ilihitaji cheti. Tangu mwaka 1973 kuna ofisi ya Uswisi, COSC, inayopima mashine za saa siku 15, katika namna tano na joto la digrii 8, 23 na 38. Ile inayopita inaitwa kronometa, na sheria yake, kwa saa za kawaida za mwanaume, ni hii: kwa wastani isichelewe zaidi ya sekunde nne kwa siku, wala isitangulie zaidi ya sita. Rolex tangu mwaka 2015 wanajiwekea mbili kila upande, na saa ikiwa tayari ndani ya kasha lake. Basi mkubwa wangu, kama yako inatangulia sekunde tano, iko ndani ya cheti chake. Hawakukuibia. Pima juma mbili, uandike katika daftari. Kama ni tano kila siku, uko na saa nzuri, na fundi anaweza kuirekebisha kwa dakika chache. Ukiona leo mbili, kesho kumi na tano, ipeleke. Ikianza kukimbia ghafla dakika nzima kwa siku, kuna uwezekano imekamatwa na sumaku, ya spika ao ya kifuniko cha telefone, na kuitoa ni kazi ndogo. Usiku jaribu kuilaza kwa namna mbalimbali: saa nyingi zinatangulia zikilala chali na kuchelewa zikisimama ubavu, ao kinyume. Kwa namna hiyo utaweza kusawazisha sekunde zako ukiwa umelala.

Kitu kimoja nitakulaumu: kama ulihesabu bei ya kuinunua bila kuhesabu bei ya kuiosha. Kule ulaya kuosha saa ya bei kunaweza kufika mamia ya euro. Inafunguliwa yote, kipande kwa kipande, inaoshwa katika dawa, inaangaliwa ncha zilizokwisha, inatiwa mafuta ya aina tatu ao nne tofauti, inafungwa, inasikilizwa na mashine. Na kampuni nyingi kubwa leo hazitaki kuuza vipande kwa fundi wa inje. Hilo linaniuma. Saa uliyoilipa ni yako, lakini ufunguo wa nyumba umebakia kwa mwenye kuiuza. Binamu yangu alituma ya kwake katika karakana moja huko. Ikarudi inaangaa, kasha limesuguliwa mpaka jina la babu yake lililochorwa nyuma limefutika. Kwa saa ya mrithi, andikeni kwa barua: musisugue, musibadilishe uso.

Ya papa mzee aliiosha kwa siku sita. Ilikuwa inachelewa sekunde 20 kwa siku, akaishusha mpaka nane. Niliipeleka nyumbani jioni, nikamweleza papa yote, baridi, mafuta, dirisha. Alisikiliza. Akaiweka sikioni, akaisikiliza mda mrefu kuliko alivyonisikiliza mimi. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ilisimama?" Nikasema ndiyo, papa, ilisimama. Akaivaa. Ana miaka 83 sasa, na bado anaitia ufunguo kila asubui mbele ya chai.

Mbakio ni ombi. Mzee fundi yuko bado chini ya baraza yake, macho yamepunguka lakini mkono haujatetemeka, na kuna kijana wa kike, mjukuu wake, anayejifunza naye. Chupa yake ya mafuta imepita tarehe na hapa hapatikani mengine isipokuwa ya mashine za kushona. Yanaitwa Moebius 9010, chupa ya mililita mbili, inaingia ata katika mfuko wa shati, na inatosha saa nyingi sana. Wale wa promosheni walio Bruxelles na Liège, mwenye kuja hapa kwa Noeli aniandikie inbox, pesa nitatuma mimi. Ya papa inapashwa kuoshwa tena mbele ya mwezi wa sita.